Little Steeping, parokia ya Askofu Steere

Bibi yangu alinilea Mkunazini, Unguja, jirani na kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Nyuma ya altare yake amezikwa Askofu Edward Steere. Nilipopata kazi Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, nikanuia kuiona Little Steeping, parokia aliyoitumikia kabla ya kuja kwetu.

Ni kijiji kidogo karibu na Spilsby, ardhi tambarare, nyumba za kuhesabika. Bibi mmoja mzee aliyeshika ufunguo alinifungulia kanisa la Mtakatifu Andrea.

Steere alikuwa kasisi wa hapo. Rafiki yake William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, pale pale jirani. Mwaka 1863 Tozer akafanywa askofu wa misheni, Steere akafuatana naye, na mwaka uliofuata wakafika Unguja. Makasisi wawili wa vijiji ambavyo hata Waingereza wengi hawavijui! Kila nikilifikiri hilo hunisisimua. Mwaka 1868 Steere alirejea Uingereza, kwenye parokia yake. Mwaka 1870 vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili na hadithi za Unguja vikatoka London. Kwa hiyo siku hizo, kasisi aliyewahubiria wakulima hawa alikuwa na hadithi ya kima na samaki papa mezani pake. Mwaka 1872 akarudi Unguja, akawa askofu mwaka 1874, na huko ndiko alikofia mwaka 1882.

Mwenyeji wangu aliyajua hayo ya misheni. Hadithi hakuwahi kuzisikia.

"Nisimulie moja," akasema, akakaa kwenye benchi.

Nikamsimulia ya kima aliyebebwa na papa mgongoni baharini, na katikati ya safari akaambiwa kuwa sultani wa huko ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Nilisimulia kama bibi yangu, sauti ya papa nzito, ya kima nyepesi.

Akanikatiza: "Kasisi wetu alizipata kwa nani?"

"Kwa watu wa Unguja. Wao walisimulia, yeye akaandika maneno yao."

Nilitaka jambo hilo lijulikane humo kanisani, kwamba hadithi zilikuwa na wenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kima alijiokoaje. Nikaendelea, maana nilikuwa bado sijamfikisha mtini.