Mkono ulivimba baada ya dripu: nilivyoutuliza

Nilitundikiwa dripu ya maji ya chumvi baada ya kuharisha siku mbili. Chupa ya kwanza iliisha salama. Ya pili ilipofika nusu, mkono wa kushoto ukaanza kuvuta, ngozi ikawa baridi na imekaza kama ngoma. Nikanyamaza, nikidhani ndivyo dripu zilivyo.

"Mbona hukusema mapema, dada?" nesi akauliza. Kanula, yaani kile kimrija kinachoingizwa mshipani, ilikuwa imetoka kwenye mshipa, maji yakawa yanaingia kwenye nyama. Akafunga dripu, akaichomoa, akahamia mkono wa kulia.

Pete nilivua hapo hapo. Shangazi ndiye aliyenikumbusha. Tungechelewa zingekatwa kwa koleo! Nyumbani niliuweka mkono juu ya mito miwili, uwe juu kuliko moyo, huku nikikunja na kukunjua vidole. Kama nesi alivyoelekeza, nilikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika 15 hivi, mara tatu kwa siku. Jirani alileta dawa ya kuchua, nikamshukuru na kuiweka kabatini, maana nesi alikataza kusugua.

Yangu yalikuwa maji tu, mwili huyafyonza wenyewe. Ingekuwa dawa kali, nyama ingeweza kuungua. Niliambiwa nirudi mbio nikiona wekundu unaopanda, malengelenge, usaha, homa, ganzi au mshipa mgumu kama kamba.

Sikuona hata kimoja. Siku ya tatu saa yangu ikafungika tena, tundu lile lile.