Misewe: jozi ya tatu imelia

Jozi mbili za mwanzo za misewe nilizosuka nimezifumua. Ya tatu imelia juzi usiku, nami naandika kabla sijasahau mkono ulivyokwenda.

Msewe ni ngoma ya Pemba, na jina lake limetoka miguuni. Wanaume hujifunga misewe kwenye vifundo vya miguu: vibweta vidogo vya majani yaliyosukwa, vimetungwa safu, ndani mna punje ngumu. Zumari likilia na ngoma zikiitikia, miguu nayo inakuwa ala. Si sawa na njuga. Njuga ni chuma, mlio wake unakata; msewe unachakacha kama mvua juu ya makuti, na ndio mlio ninaoupenda tangu utotoni.

Jozi ya kwanza nilitia kokoto. Ikawa nzito, na baada ya dakika chache ukindu ukachanika kwenye pembe. Ya pili nikatia punje za mahindi, nikasuka kwa kukaza ili zisimwagike. Nikaifunga, nikapiga mguu chini: kimya. Nikampelekea mjomba, ambaye ujanani aliicheza. Akakitikisa kibweta kimoja sikioni, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Umekaza mno, mwanangu. Punje nazo zataka pa kuchezea."

Basi safari hii niliroweka ukindu usiku kucha, nikausuka ungali laini, na kila kibweta nikakitilia punje sita tu. Ulipokauka ukajishika wenyewe, ndani pakabaki nafasi. Mjomba alikaa kwenye baraza, akanionyesha hatua kwa vidole juu ya goti lake, maana magoti yenyewe hayamruhusu tena.

Kumbukumbu nyingi za muziki wa Zanzibar huanzia ikulu: Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na taarab iliyotoka Misri, kisha kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Nami taarab naipenda sana. Lakini ile ni ya kukaa na kusikiliza, ukiinuka unakwenda kumtunza mwimbaji. Msewe haukai. Nataka nao uandikwe kwa makini yale yale, hadi idadi ya punje.

Mguu wa kushoto umekamilika, vibweta kumi na viwili. Wa kulia bado vinne, na ukindu wake uko kwenye beseni tangu magharibi.