Tuliandamana Lubumbashi kwa barua ya kujulisha

Kabini ya umeme (kituo kidogo kinachogawa umeme mtaani) ya mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo (RDC), ilipoungua na giza likaendelea wiki baada ya wiki, vijana walitaka kushuka barabarani kesho yake. Niliwasihi tuanze na barua.

Wengi hapa wanaamini kwamba ili kuandamana lazima meya akubali kwanza. Katiba ya nchi yetu ya 18 Februari 2006 haisemi hivyo. Ibara ya 26 inalinda uhuru wa kuandamana, na kwa maandamano ya barabarani au ya mahali pa wazi inawataka waandaaji wamjulishe kwa maandishi kiongozi wa utawala anayehusika. Basi sisi hatukuomba, tulijulisha. Tulitaja siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, sababu, njia ya kutoka Katuba kupitia Kamalondo hadi Place de la Poste (uwanja wa posta), na majina ya wenye kubeba jukumu. Nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni mali kweli: bila huo, ofisi ikisema haijaona barua huna cha kujibu.

Jibu lilikuja kwa mdomo: hapana. Karani alitaja amri-sheria namba 196 ya 29 Januari 1999, inayodai idhini. Nilimfungulia ibara ya 221 ya Katiba: sheria za zamani zinabaki pale tu zisipopingana nayo. Nikamwambia, "Baba, kama munakataa, mutuandikie na sababu." Hakuandika. Mkubwa wake ndiye aliyetuita, tukaongea juu ya njia. Hapo tulilegeza: tukaacha barabara ya soko, maana pale watoto na wamama wauzaji wangeumia, na tukakubali polisi watangulie.

Kazi ngumu ilikuwa kwetu wenyewe. Ibara ya 26 inakataza pia kumlazimisha mtu kuandamana, lakini vijana wengine walitaka kufungisha maduka kwa nguvu. Tulikaa nao usiku, wazee wa avenyu wakawa pamoja nasi, mpaka wakakubali: hakuna jiwe, hakuna tairi la kuchoma, duka la mtu liachwe.

Tulitembea, tukasoma madai yetu, tukayapeleka ofisini, nayo yakapigwa muhuri. Kabini haijabadilishwa bado. Barua ya pili tumeshaiandika, na nakala ya madai yenye muhuri tumeiambatisha.