Fizi zangu zilivyoacha kutoka damu
Kwa miezi kadhaa, kila nilipopiga mswaki alfajiri hapa nyumbani Dodoma, povu nililotema lilikuwa na wekundu wa damu, nami nikaacha kusugua upande huo nikidhani ninaupumzisha, kumbe ndivyo nilivyouacha utando laini wa bakteria ugande na kuwa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Daktari wa meno aliukwangua. Vipande vya kahawia, vigumu kama changarawe, vikadondoka kwenye beseni. Alinisisitizia kwamba ufizi unaotoka damu ndio wa kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Wiki ya pili damu ilikoma. Mama yangu ana kisukari, ambacho huongeza hatari ya fizi kuharibika, hivyo Jumatatu ninampeleka naye.