Mtoto Mmoja Katika Thelathini

Siku tuliyoanza klabu yetu ya kusoma majarida ya kitabibu tulikuwa sita tu, katika chumba cha kukabidhiana zamu: wauguzi watatu, tabibu, mfamasia na mimi. Nakala nilikuwa nimezigawa siku nne kabla, maana mtu aliyetoka zamu ya usiku huwezi kumpa kurasa kumi na kumtaka azisome papo hapo.

Nilichagua utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Kwa kura, baadhi walipewa maji mengi ya mshipani kwa kasi, wengine wakapewa yale ya kiasi cha kawaida tu. Sisi sote tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo anafunguliwa dripu ikimbie.

Nilianza na mbinu za utafiti. Nilikuwa bado huko wakati sista wa wodi ya watoto aliponikatiza kwa upole: "Samahani Dokta, tuangalie vifo kwanza."

Tukafungua jedwali. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya maji ya kasi walikufa asilimia 10.6 na 10.5, katika kundi la tatu, lile la kiasi cha kawaida, asilimia 7.3. Nilipotaka kueleza uzito wa tofauti hiyo, sista alikwisha kugeuza karatasi na kupiga hesabu kwa peni.

"Ni mtoto mmoja zaidi aliyekufa katika kila thelathini," alisema. Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Nimefungua dripu nyingi mimi."

Mfamasia alimshika bega. Tabibu ndiye aliyeuliza swali ambalo hadi leo naliuliza kwa kila makala: ni nani hawakuingizwa? Tukalitafuta jibu mstari kwa mstari. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali waliachwa nje. Basi mtoto aliyekaushwa na kuhara matokeo haya hayakumhusu, na hilo tulilirudia mara mbili, asije mtu akatoka pale akaiogopa dripu kwa kila mgonjwa.

Tulipanga nusu saa, tukakaa saa nzima na robo. Sista alikunja nakala yake, akauliza tunakutana tena lini. Nikamwomba makala inayofuata achague yeye.