Siku ya bajeti, na swichi iliyokwama

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kufungua kompyuta nilipanda juu ya tangi la kiyeyushi pamoja na fundi wa vipimo. Alasiri kulikuwa na kikao cha bajeti, na fedha zilitosha ombi moja kati ya mawili: vigunduzi vya gesi kuzunguka matangi, au valvu inayojifunga yenyewe tangi likikaribia kufurika, pamoja na swichi yake. Sikutaka kulizungumzia tangi ambalo sijaligusa.

Fundi alishika mkono wa kujaribia swichi ya zamani, ile inayopaswa kuzima pampu kiwango kikizidi. Haukusogea. Akaugonga kwa kiganja mara mbili, chembe za kutu zikamwagika kwenye glovu, ndipo ukapanda.

"Ilijaribiwa lini mara ya mwisho?"

"Miaka minne iliyopita, Injinia. Tukiomba tangi lisimame, tunaambiwa tungoje."

Saa 3. Karatasi ya zamani ya hesabu ya hatari ya tangi kufurika ilisomeka vizuri mno. Geji, kipimo cha kiwango kilichomo tangini, inakadiriwa kuharibika mara moja katika miaka 10. Ikiharibika, kengele inamshtua mwendeshaji, naye anashindwa kuchukua hatua mara moja kati ya 10. Akishindwa, swichi inazima pampu. Swichi ya namna hii tunaichukulia kuwa na uwezekano wa kufa wa asilimia 5 kwa mwaka. Ikijaribiwa kila mwaka, uwezekano wa kuikuta imekufa siku unapoihitaji ni, kwa wastani kati ya jaribio na jaribio, nusu ya hapo, asilimia 2.5. Zidisha vyote: tangi litafurika mara moja katika miaka 4,000.

Nikafuatilia waya wa kengele kwenye mchoro. Inasoma geji ileile! Geji ikikwama, kengele nayo inakaa kimya. Nikaifuta kwenye hesabu. Na swichi inayokaa miaka minne bila kujaribiwa si ya asilimia 2.5 tena; kwa wastani ni ya 10, yaani nusu ya 5 mara 4. Jibu jipya: mara moja katika miaka 100. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Saa 5. Nikapitia tena habari za bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, Jumapili ya 11 Desemba 2005. Geji ya tangi la petroli ilikwama mnamo saa 9 usiku, petroli ikaendelea kuingia huku skrini ikionyesha kiwango kilekile. Swichi ya juu isiyoitegemea geji ilikuwapo, ila mkono wake wa kujaribia ulihitaji kufuli la kuushikilia mahali pake, na kufuli halikuwekwa, hivyo swichi haikufanya kazi. Saa 12:01 asubuhi palilipuka. Watu 43 waliumia.

Saa 9 alasiri. Meneja wa uzalishaji alitaka vigunduzi, maana havisimamishi kazi. "Mzee," nikamwambia, "kigunduzi kitalia kiyeyushi kikishamwagika."

"Na hiyo valvu yako isipojaribiwa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali zito kuliko yote ya kikao. Ndani ya ombi nilikuwa nimeweka nusu siku ya kusimamisha tangi kila mwaka, nikaihesabu kama gharama pamoja na vyuma. Bila nusu siku hiyo nisingeiomba valvu. Alinyamaza, akaangalia kalenda yake, akakubali.

Vigunduzi vikasogezwa mwaka ujao, na linaniuma. Flanji, yaani kiungo cha mabomba, ikivuja, valvu ya kujaza haitasaidia kitu. Niliomba kumbukumbu za kikao zitaje pengo hilo na aliyelikubali.

Saa 12 jioni. Valvu itachukua miezi kufika, kwa hiyo kikomo cha kujaza kimeshuka kutoka asilimia 90 hadi 80 kuanzia usiku huu.

"Lori la mwisho litabaki na mzigo," msimamizi wa zamu akalalamika.

"Libaki nao, kaka."

Tulisimama pamoja mbele ya skrini hadi pampu ikazimwa kwenye 80. Tukangoja nusu saa umeme tuli, unaoweza kutoa cheche, utulie, ndipo fundi akapanda na utepe wa kupimia. Akasoma redioni: 80.