Jinsi nilivyolinda Subaru inayolala nje, Mombasa

Subaru Impreza WRX STI yangu hulala nje, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na banda la gari, na kwa kuwa bahari iko karibu, upepo huleta chumvi iliyokwisha kuanzisha kutu kwenye matao ya magurudumu. Turubai la plastiki halikufaa kamwe: lilifungia unyevu ndani, na mchanga ulionaswa chini yake ulikwaruza rangi kila lilipopepea.

Kwa idhini ya mwenye nyumba, nilisimamisha boriti na kuezeka makuti, nikaziacha pande zote wazi ili hewa ipite. Matao niliyasugua kwa msasa, nikayapaka rangi ya kuzuia kutu, na sasa huosha gari mara kwa mara kwa maji ya bomba, nikielekeza mpira uvunguni kuliko juu.

Sehemu inayodai uangalifu mkubwa zaidi ni tundu la boneti, kwa sababu intakula ya gari hili, yaani kifaa cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini, imelala juu ya injini, chini ya tundu hilo hasa, na vumbi na vipande vya makuti vikiingia huziba mapezi yake membamba. Nimekata kipande cha wavu kinacholiziba, nami hukitoa kabla ya kuwasha injini. Kutu haijarudi.